Anti, mwanangu hatulii darasani na kila siku naitwa shule

Anti shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza nakuandikia, naomba jina langu lisitokee maana ticha wa mwanangu nae anakusoma.

Nina mtoto wa kiume, ametimiza miaka 6 juzijuzi tu, yuko darasa la kwanza na mle darasani ndo mdogo kuliko wote, wenzie wengi wameshafikisha 7 kitambo. Nyumbani ni mchangamfu, ana huruma, mdogo wake akilia yeye ndo wa kwanza kukimbilia, shida ni shule. Yani tangu muhula uanze sijapumua, meseji za ticha zinaingia hadi nikiona simu inawaka moyo unaruka, mara kasimama wenzie wanaandika, mara kaingia chini ya dawati, mara kampiga mwenzie na rula eti walikua wanacheza, mara anaropoka jibu kabla swali halijaisha. Nimeangalia daftari lake, mistari miwili ya kwanza safi kabisa, herufi zimekaa pale zinapotakiwa, ukishuka kidogo zinaanza kuinama, kule chini hamna kitu ni magari tu kachora.

Ticha anasema pia akiambiwa akopi kazi haangalii ubaoni, anachungulia kwa jirani, jirani analalamika, ugomvi unaanza. Kwahiyo amemhamishia dawati la nyuma kabisa ili asisumbue wenzie, na asipomaliza kazi anabaki darasani saa ya mapumziko anamalizia. Wala simlaumu, ana watoto wengi. Ila huyohuyo ticha kaniambia wakati wa hadithi, akiwakusanya karibu yake, mwanangu anatulia tuli na ndo anakumbuka kila kitu kuliko wote, sasa hapo ndo tunapochanganyikiwa.

Homuweki ni vita. Namkalisha, penseli inaanguka, anaifuata chini ya meza, hatoki huko. Lakini mpe tivii, katuni atakaa nazo mpaka uzime mwenyewe. Baba yake anasema si unaona, kwenye katuni anatulia, kwahiyo huyu anaweza ila ni jeuri, anahitaji fimbo. Mama mkwe anasema ni sukari. Shoga yangu kazini anasema ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia, nimtafutie dawa mapema. Baba yake anatoka kazini usiku na mtoto hakubali kulala hajamuona, kwahiyo anaenda kitandani saa nne na nusu hivi, na saa kumi na moja na nusu namuamsha awahi gari la shule, na asubuhi nako ni kilio.

Juzi namuogesha akaniuliza, mama, eti mimi ni mtoto mbaya? Anti nilishindwa kujibu, nikamwagia maji kichwani asinione machozi. Naomba unisaidie, nimchape? Nimtafutie dawa? Au nimhamishe shule?

Mama wa wawili

MAJIBU YA ANTI

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuandika kwa kirefu, maana vile vitu vidogo ulivyovitaja kwa kupita ndo vimenisaidia kuliko hata malalamiko ya ticha. Naanza na la bafuni kwasababu hilo halisubiri.

Mtoto wa miaka 6 akiuliza kama yeye ni mbaya, ujue neno hilo ameshalisikia mahali, na kama hajalisikia basi amejumlisha mwenyewe kwa kuangalia nani anahamishwa dawati, nani anabaki ndani wenzie wakicheza, mama wa nani anaitwa shule. Na akishaamini kwamba ni mbaya anaacha kujaribu, kwani ajaribu kwa faida gani? Kwahiyo leo hiihii kaa nae pembeni umwambie kwa maneno mepesi, wewe sio mbaya hata kidogo, kukaa sehemu moja mda mrefu ndo kunakushinda kwa sasa, ni kitu cha kujifunza kama ulivyojifunza kufunga vifungo, na mimi na ticha tutakusaidia. Basi, usihutubie. Alafu mle ndani maneno ya mtundu, kashindikana, hana akili, yaishe hata kwa utani, hata mkiwa mnaongea wakubwa wenyewe mkidhani hasikii. Anasikia.

Sasa njoo kwenye usingizi. Umeuandika kama jambo la pembeni, mimi nimesimama hapo hapo. Saa nne na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu ni masaa 7. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa alale masaa 9 mpaka 12 kila usiku, ndo ushauri wa madaktari wa usingizi, maana yake mwanao kila siku anaingia darasani akiwa na upungufu wa masaa 2 kwa uchache, na upungufu wa jana unakutana na wa leo. Na hapa watu wengi hawajui, mtoto mdogo asipolala vya kutosha mara nyingi hasinzii kama sisi wakubwa, anachangamka kupita kiasi, anakua na hasira za karibu, anagusagusa kila kitu, maneno yanamtoka kabla hajafikiri. Ukimuona utaapa ana nguvu za ziada kumbe kachoka hoi. Rudia kusoma meseji za ticha ukiwa na hilo kichwani uone zinavyofanana.

Mimi ningekua wewe ningeanza na hili kabla ya dawa, kabla ya kikao, kabla ya kila kitu, maana halina gharama na unaliweza. Najua anamsubiri baba yake na nimefurahi kusikia ana hamu nae hivyo, ila hiyo nafasi ya baba ihamie asubuhi, yeye ndo amuamshe, amvalishe, ampeleke mpaka kwenye gari, na mtoto aambiwe hivyo kabla ya kulala ili asione kama ananyang'anywa. Usimlaze saa mbili ghafla, hatalala, mtagombana. Rudisha nyuma robo saa, akizoea robo nyingine, taratibu hivyohivyo. Tivii na simu zizimwe saa nzima kabla ya kitanda, taa zipungue, kuoga, hadithi, kulala, mpangilio uleule hata wikiendi. Na ukipita chumbani msikilize anavyohema. Kama anakoroma karibu kila usiku, analala mdomo wazi, anashtuka kama pumzi imekata, mwambie daktari, maana tonsili na vinyama vya nyuma ya pua vikiwa vikubwa vinamkatakata usingizi hata kama masaa yametimia.

Kitu kingine kilichonishtua ni huko kuchungulia kwa jirani. Ticha ameona usumbufu, mimi nimejiuliza, huyu mtoto ubao anauona? Mtoto asiyeona mbali hawezi kukwambia, kwasababu hajawahi kuona vingine, anadhani kila mtu ubao wake una ukungu. Anafanya la akili tu, anatafuta palipo karibu panaposomeka. Alafu adhabu yake ikawa kupelekwa nyuma, mbali zaidi na ubao! Na ona lile lililowachanganya, kwenye hadithi ticha anawakusanya karibu yake, hakuna cha kusoma ubaoni, sauti iko hapohapo, na mtoto anatulia na anakumbuka kila kitu. Sisemi lazima ni macho. Nasema mtoto huyu asipewe adhabu nyingine yoyote kabla hajapimwa macho na masikio yote mawili. Masikio nayo kwasababu kuna hali ya majimaji kujaa nyuma ya ngoma ya sikio, hasa kwa watoto wanaopata mafua mafua, hakuna usaha na mara nyingi hakuna maumivu, ila sauti zinamfikia zimefifia, mtu anaona tu mtoto hasikii anachoambiwa. Vipimo vyote viwili ni vya mda mfupi na haviumi.

Na hilo daftari lake mama! Mistari miwili ya kwanza safi. Mtoto jeuri au asiyejua kuandika hawezi kukupa mistari miwili safi. Anajua, anataka, anaanza vizuri, alafu pumzi ya utulivu inamuishia kwenye mstari wa tatu. Kwahiyo swali la kumpelekea ticha liwe, tutampaje mistari miwili miwili mpaka afike kumi. Tofauti ya kumpa kazi nzima na kumpa kazi hiyohiyo vipande vipande ni kubwa mno kwa mtoto wa aina hii. Aandike miwili, anyanyuke aipeleke kwa ticha, apate alama ya vema na neno moja zuri, arudi aandike mingine miwili. Amenyanyuka kwa ruhusa, mwili umepata ulichokua unakitafuta, na kazi imesonga.

Hapo nigusie na mapumziko. Naelewa kabisa kwanini ticha anamzuia ndani, kazi haijaisha na hana mda mwingine, ila kwa mtoto asiyetulia ndo unachukua kile kitu kimoja ambacho kingemsaidia kipindi kinachofuata. Watoto wa miaka 5 hadi 17 Shirika la Afya Duniani linashauri wapate wastani wa dakika 60 za kukimbia na kucheza kila siku, na ukiacha afya ya mwili, mtoto aliyetoka kukimbia anarudi akiwa na uwezo zaidi wa kusikiliza. Huyu wako ndo wa kwanza kutakiwa nje. Kazi iliyobaki aje nayo nyumbani, au ipunguzwe.

Alafu umri wake, na hili naomba baba yake asome mwenyewe. Mwaka mmoja kwangu mimi na wewe sio kitu, kwa mtoto wa miaka 6 ni sehemu moja ya sita ya maisha yake yote. Tafiti za nchi kadhaa, Kanada na Marekani zikiwemo, zimeonyesha kwamba watoto wadogo kabisa wa darasa ndo wanaopewa jina la ADHD zaidi kuliko wakubwa wa darasa hilohilo, yani utoto wa kawaida unalinganishwa na wa mtu aliyemzidi mwaka mzima na kuonekana ugonjwa. Sehemu ya ubongo inayotufanya tujizuie, ile ya nyuma ya paji la uso, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mwanao yuko mwanzoni kabisa mwa safari hiyo.

Baba na hoja yake ya katuni. Hoja yake ina mantiki na ndo inayowachanganya wazazi wengi kwahiyo sio peke yake. Ila utulivu wa kwenye katuni na wa kwenye daftari ni vitu viwili tofauti. Katuni inabadilisha picha kila sekunde chache, ina rangi, ina sauti, yenyewe ndo inamvuta mtoto, yeye hafanyi kazi yoyote. Daftari halimvuti mtu, mtoto ndo ajivute mwenyewe kulifuata, tena akatae kila kitu kingine kinachomuita, dirisha, penseli ya mwenzie, sauti ya nje. Huko kujivuta ndo kunakomshinda. Kukaa kwake masaa kwenye tivii hakuthibitishi ujeuri, wala hakuthibitishi kwamba hana tatizo.

Kuhusu fimbo jibu langu ni hapana, na nina sababu. Fimbo inafundisha kwamba kitu fulani ni kosa, sasa mwanao anajua tayari, muulize sasa hivi sheria za darasa atakutajia zote. Kinachomshinda ni ile nusu dakika ya kujizuia pale pale, na fimbo ya jioni haiwezi kufika kwenye ile nusu dakika ya saa tatu asubuhi, itamkuta mtoto amekaa anacheza na mdogo wake na wala hakumbuki vizuri alifanya nini. Anachobaki nacho ni uoga na kujifunza kuficha, na mtoto mwenye uoga akili yake darasani iko kwenye kuogopa, haiko kwenye herufi. Na atampiga mwenzie zaidi, maana ndo njia anayoonyeshwa.

Njia inayofanya kazi kwa watoto hawa ni ya haraka na ya karibu. Kwanza maagizo. Chunguza leo akirudi, mara nyingi tunasema hivi tukiwa jikoni tumegeuka, vua viatu weka begi mahali pake toa daftari ukanawe mikono uje hapa. Yeye amevua kiatu kimoja, amekishika mkononi, ameona kijiwe kimekwama kwenye soli, ameanza kukitoa, vingine vyote vimeshapotea. Hajadharau, kichwa cha mtoto mdogo hakibebi maagizo matano kwa mpigo. Sogea mpaka alipo, mguse bega, subiri akuangalie, sema moja. Vua viatu. Amemaliza, mwambie umevua viatu mara moja nimefurahi, alafu sema la pili. Inachosha mwanzoni, sikufichi, ila baada ya mda utaona unapiga kelele mara chache sana.

Na ukisifia, taja kitu chenyewe. Ukimwambia tu mtoto mzuri hajui amefanya nini kizuri, ila ukisema umesubiri nimalize kuongea na simu ndo ukaniuliza, hapo anajua arudie lipi. Mkamate akiwa anafanya vizuri, hata kitu kidogo, mtoto kama huyu siku nzima anasikia jina lake likiitwa kwa makosa tu.

Homuweki isianze akishuka tu kwenye gari. Acheze kwanza, akimbie, atoe jasho, apumzike kidogo, ndo mkae. Mezani pasiwe na kitu zaidi ya daftari na penseli, tivii imezimwa kabisa hata kama mdogo wake atanuna, na akae akiangalia ukuta, mlango usiwe mbele yake. Chukua karatasi tupu ufunike ukurasa, abaki anaona mistari miwili tu, akimaliza unateremsha karatasi. Weka saa ya simu dakika 10, ikilia anyanyuke aruke ruke hapohapo, arudi dakika 10 nyingine, mwisho. Penseli ikianguka usianze kugomba, weka ya pili mkononi mwako mpe hiyo, ile ya chini itaokotwa baadae, hana sababu ya kuifuata. Na kama siku hiyo imeshindikana kabisa funga daftari umuandikie ticha kwamba amefika hapa. Hakuna alichojifunza mtoto anaelia saa tatu usiku juu ya herufi.

Sasa ticha. Umefanya vizuri kutomlaumu maana bila yeye haya yote yataishia mlangoni kwako. Omba mda wa peke yenu, isiwe pale getini asubuhi watoto wamemzunguka, na uanze na lile zuri alilokwambia mwenyewe kuhusu hadithi, mwambie umeona mwanangu akiwa karibu na wewe anaweza, naomba tujaribu awe karibu na wewe siku zote. Hapo umeomba dawati la mbele bila kumlaumu kwa kumpeleka la nyuma. Kama kupima macho kutachelewa omba hilo la mbele lianze kabla. Omba pia apewe vijikazi vya kumnyanyua, kugawa madaftari, kufuta ubao, kupeleka kitu darasa la jirani, na waelewane ishara yao wawili, kwa mfano ticha akigonga dawati lake mara mbili taratibu yeye anajua arudi kwenye kazi, bila kuitwa jina mbele ya wenzie.

Alafu kadi ya kila siku, hii imetumika miaka mingi sana kwa watoto wasiotulia na haimlemei ticha. Kikaratasi kidogo, malengo mawili tu, yaandikwe kwa kusema anachotakiwa kufanya na sio anachokatazwa. Nimenyoosha mkono kabla ya kujibu. Nimemaliza mistari miwili kabla ya kunyanyuka. Ticha anaweka vema au anaacha wazi, mara tatu kwa siku, haandiki maelezo. Nyumbani ukiiona unalipa siku hiyohiyo na malipo yasiwe ya kununua, achague hadithi ya usiku, acheze mpira na baba Jumamosi asubuhi, aamue wimbo wa kwenye gari. Anza na kiwango anachokifikia tayari, kama leo anapata vema mbili kati ya sita basi mbili zinatosha kulipwa, ukiweka kwamba lazima apate zote utaiua kadi wiki ya kwanza. Akikosa, hakuna kugomba, kesho tena. Na mpango ukianza inaweza kutokea siku za mwanzo akawa mbaya zaidi, anapima kama mko serious, msiache hapo.

La kupiga na rula halina mjadala, akiumiza mtu achezacho kinasimama palepale kwa dakika chache, anaenda kuangalia mwenzie yukoje, anaomba radhi, yameisha. Yasirudiwe tena jioni kwa baba.

Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba sukari imechunguzwa. Mwaka 1995 madaktari walikusanya majaribio ambayo watoto walipewa sukari au kitu kitamu kisicho na sukari bila wao wala wazazi kujua ni kipi, na hawakukuta sukari ikibadilisha tabia za watoto. Kupunguza ni vizuri kwa meno yake, ila sio dawa ya kutulia.

ADHD sasa. Shoga yako hajakosea kuiwaza, ipo kweli, haitokani na malezi mabaya wala mkono wa mtu, ni namna ubongo unavyokua na mara nyingi inatembea kwenye familia. Ila haijulikani kwa kusimuliwa mezani kazini, na hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoionyesha. Daktari au mwanasaikolojia wa watoto anakusanya maelezo ya nyumbani na ya shule, anaangalia kama dalili zimedumu angalau miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12, zinaonekana sehemu mbili au zaidi na sio shule tu, zimepita za watoto wa umri wake na zinamkwamisha kweli. Kama umesharekebisha usingizi, umepima macho na masikio, ticha amebadilisha mambo darasani, na muhula umeisha hali iko vilevile, hapo mpeleke bila aibu yoyote, na ubebe lile daftari na zile kadi, vitamsaidia daktari. Madaktari wa watoto wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2019 walisema kwa walio chini ya miaka 6 ianze kufundishwa mzazi namna ya kumuongoza mtoto kabla ya dawa, na kuanzia miaka 6 dawa inaweza kutumika pamoja na mafunzo hayo na msaada wa shuleni. Dawa zipo na zinasaidia wengi, ila ziandikwe na daktari anaemfuatilia mtoto, mtu yeyote akikupa kidonge cha mwanae kikatae.

Kuna mambo ambayo usingoje muhula uishe. Ukimuona ghafla anaganda sekunde chache, macho yamesimama, ukimuita wala hashtuki, alafu anaendelea kama hakuna kitu, na inajirudia mara nyingi kwa siku, mpeleke mapema, kuna kifafa cha namna hiyo kisicho na kuanguka wala povu na watu wanakiita kuzubaa. Vilevile kama vurugu zinatokea kipindi cha kusoma tu na vingine yuko sawa, huenda kusoma kwenyewe ndo kunamshinda na anaficha. Na umuulize polepole, mkiwa mnatembea, kama kuna mtu anamuonea huko shule au kwenye gari.

Kuhusu kumhamisha, kwa sasa hapana. Ticha anaekutumia meseji na kukumbuka kukwambia hata lile zuri la hadithi ni mtu wa kufanya nae kazi, na ukimhamisha leo utahama na usingizi wa masaa 7 na macho ambayo hayajapimwa, yatamkuta hukohuko. Mpe muhula huu. Ukiona wamekataa kumsogeza mbele, wamekataa kumtoa nje kucheza, na matusi au fimbo ndo jibu lao, hapo ndo utafute, na ukienda kuangalia shule mpya omba uingie darasani asubuhi, hesabu watoto wako wangapi kwa ticha mmoja, na kaa mpaka uone wanatoka nje mara ngapi kabla hujauliza kingine chochote.